Namna ya kupanga maktaba ya taifa ya vitabu vya watoto: anza na vitabu, jengo litakuja

Kila likiibuka hili wazo la Tanzania kuwa na maktaba ya taifa ya vitabu vya watoto, watu wanaanza kuulizana kiwanja kiko wapi na ghorofa ngapi, alafu mchoro unachorwa, unapendeza kweli, na mambo yanaishia hapohapo kwa sababu hela ya kujengea haipo. Mi nataka tuanzie upande mwingine. Huu mwongozo ni kwa yeyote atakayejikuta kwenye kamati ya kupanga kitu hiki, awe mkutubi wa mkoa, mwalimu, mwandishi, mchoraji, afisa wa wizara au mzazi tu mwenye uchungu na vitabu, na ninachosisitiza ni kwamba mpango uanze na vitabu vyenyewe, jengo lije nyuma.

Wenzetu waliofanikiwa ndo walivyopita humo. Ile maktaba kubwa ya vitabu vya watoto ya Munich, Ujerumani, ilianzishwa na mama mmoja mwandishi wa habari, Jella Lepman, Myahudi aliyekimbilia Uingereza kipindi cha Hitler akarudi 1945 vita vilipoisha. Hela ya kununua vitabu hakuwa nayo, akaandika barua kwenye nchi 20 akiomba vitabu vya watoto, vikaja, 1946 akafanya maonyesho, 1949 maktaba ikafunguliwa kwenye nyumba ya kawaida tu. Ile kasri ya Blutenburg inayopigwa picha sana walihamia 1983, yaani miaka 34 baadae. Tokyo nako hivohivo, maktaba yao ya kimataifa ya fasihi ya watoto pale Ueno ilianza kupokea wasomaji mwaka 2000, ikafunguliwa yote 2002, ndani ya jengo la zamani la 1906 lililokarabatiwa na msanifu Tadao Ando, na jengo jipya la nyuma likaja 2015. Lakini maktaba mama, ile ya bunge lao, ilikuwepo tangu 1948 ikipokea vitabu kwa mujibu wa sheria. Walipofungua mlango vitabu vilikuwa vishakusanywa zaidi ya nusu karne.

Sasa kabla hujaandika chochote kwenye mpango, kamati ikubaliane maktaba hii ina kazi gani, manake hapa ndo watu wanachanganya. Kuna kazi ya kutunza kila kitabu cha mtoto kilichochapishwa nchini, kiwe kizuri kiwe kibaya, ili mtu wa mwaka 2090 akikitaka akikute. Na kuna kazi ya kumpa mtoto wa leo kitabu akishike, akilale nacho, akikunje kona. Hizi kazi zinagombana, kitabu kinachosomwa na watoto kinakufa na kitabu kinachotunzwa vizuri hakishikwi. Stockholm wana taasisi ya vitabu vya watoto tangu 1965, wao wameegemea zaidi upande wa kutunza na utafiti. Tokyo wanafanya vyote, wana chumba cha watoto na wana stoo. Kwetu naona tufanye vyote pia ila nakala ziwe tofauti kabisa, ya kutunza isitoke na ya kusoma isionewe huruma, ikichakaa inunuliwe nyingine. Hili liandikwe ukurasa wa kwanza, kwa sababu siku bajeti ikibana mtu atakuja kusema "si hii nakala ipo tu stoo, ipelekeni wakasome", na hapo nakala ya mwisho nchini inaondoka.

Baada ya hapo angalia kilichopo tayari, usianzishe taasisi mpya kama ya zamani inaweza kubeba. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ipo kwa sheria ya 1975, na kabla yake kulikuwa na ya 1963. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi hiyohiyo ndo inayotoa namba za ISBN, zile namba za kutambulisha kila kitabu, na sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala kwao. Kwa hiyo mlango wa kuingilia vitabu upo, kinachotakiwa ni kitengo ndani yake chenye watu wake na bajeti yake kwa ajili ya vitabu vya watoto tu, kama Tokyo walivyofanya tawi la maktaba ya bunge. Ukianzisha shirika la pembeni utatumia miaka mingi kutafuta bodi, magari na mhasibu. Zanzibar wana huduma yao ya maktaba, kaa nao mezani tangu siku ya kwanza kama wenye nyumba, usiwaite siku ya uzinduzi.

Haya, tufike kwenye kazi ambayo mimi naiona ndo roho ya mpango wote, nayo ni orodha. Tunahitaji orodha ya kila kitabu cha watoto kilichochapishwa hapa, na hii kazi inaweza kuanza kesho na watu wawili na kompyuta moja. Anza na rejista ya ISBN, alafu katalogi za wachapishaji, alafu vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991, huo peke yake umetoa vitabu vingi sana vya Kiswahili vilivyosambazwa mashuleni. Rudi nyuma uchimbe vya ile ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa Nairobi 1948 na ikafa pamoja na Jumuiya 1977, uchimbe vya Tanzania Publishing House kuanzia miaka ya sitini, vya Taasisi ya Elimu, vya mitambo ya misheni kama Ndanda na Peramiho. Usisahau vile vijitabu vya mashirika vya kunawa mikono, vya malaria, vya haki za mtoto, maana kuna watoto vijijini kitabu cha kwanza chenye picha kushika kilikuwa hicho.

Ugumu uko kwenye vitabu vyembamba. Kitabu cha mtoto kwetu mara nyingi kina kurasa 16 au 24, kimebanwa pini mbili katikati, hakina mgongo, kikiwekwa kwenye rafu kinapotea katikati ya vingine kama hakipo, na vingi havina mwaka, vingine havina ISBN, vingine hata jina la mji hakuna. Vitabu vya watu wazima vinene vinajitunza vyenyewe, mtu anaona aibu kukitupa. Hivi vyembamba vinafungiwa karanga. Ndo maana nasema haraka iko hapa, jengo linaweza kusubiri miaka 20 lakini kitabu cha 1974 kilichobaki nakala tatu nchi nzima hakiwezi.

Kwenye orodha jaza jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mji, mwaka, lugha, kurasa, na nakala iko wapi. Alafu jaza mchoraji. Hapa naomba nielewekwe vizuri, MCHORAJI aandikwe kila mara, hata kama jina lake limefichwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, hata kama inabidi umpigie simu mhariri mstaafu umuulize nani alichora huyu sungura. Mtoto ambaye hajajua kusoma anasoma picha, kwa hiyo mchoraji ni mwandishi mwenzake, na historia ya uchoraji wa vitabu nchini itapotea yote tukimwacha nje. Na ukishampata, muulize kama michoro halisi bado anayo. Mingi iko kwenye mabahasha chini ya vitanda au imebaki kwa mchapishaji aliyefunga ofisi. Mpango uwe na fungu la kununua au kupokea hiyo michoro kwa mkataba wa maandishi, na mchoraji alipwe.

Kuhusu kuvipata vitabu vyenyewe, sheria peke yake haitoshi. Mchapishaji mdogo anachapa nakala chache kwa hela ya kukopa, ukimwambia alete nakala bure anaona kama kodi nyingine, wengine hata hawajui sheria ipo. Mpe sababu ya kuja. Akileta nakala apewe risiti siku hiyohiyo, kitabu chake kiingie kwenye orodha inayoonekana na walimu wote, na maktaba iwe mteja wake, inunue nakala kadhaa kwa ajili ya mikoa. Mradi wa Vitabu vya Watoto uliwahi kutumia njia hii ya kumhakikishia mchapishaji soko, kwa kununua sehemu ya nakala anazochapa na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji akauza zilizobaki, na vitabu vilitoka. Kitu hiki kinarudisha wachapishaji mlangoni bila polisi.

Kiswahili hakina mpaka pale Namanga, vitabu vya watoto vya Nairobi watoto wetu wanavisoma na vya kwetu vinavuka. Kenya wana huduma yao ya maktaba ya taifa tangu miaka ya sitini, kwa hiyo badilishaneni orodha na nakala, msigombee. Na lugha nyingine za hapa zisiachwe, kitabu cha mtoto cha Kisukuma au Kimaasai kikichapishwa kiingie, vya Kiingereza viingie, vya nukta nundu viingie.

Utunzaji. Dar ina joto na unyevu mwaka mzima, na adui wa kwanza wa kitabu cha mtoto ni ile pini. Inapata kutu, kutu inakula karatasi kuizunguka, kurasa za katikati zinachomoka. Kwa nakala za kutunza, mtu aliyefundishwa azitoe pini taratibu na kushona kwa uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale. Usibandike selotepu popote, gundi yake inageuka njano na inabaki hata plastiki ikishatoka. Usilamineti, ukishafunga karatasi ndani ya plastiki huwezi kuirudisha. Kila kitabu kiingie kwenye folda ya karatasi isiyo na asidi, folda zilazwe kwenye maboksi, maboksi yakae kwenye rafu za chuma zilizoachana na ukuta ili mchwa waonekane wakipanda na hewa ipite. Unyevu ukikaa kati ya asilimia 45 na 55 ni vizuri, ila hapa tuseme ukweli, umeme ukikatika AC inazima, na chumba kinachopoa na kupata joto mara kwa mara kinaumiza karatasi kuliko chumba chenye feni, madirisha ya wavu na hali isiyobadilika sana. Kama hamna jenereta ya uhakika msijenge mpango mzima juu ya AC. Nakala ya pili ya kutunza ipelekwe bara, Dodoma kwa mfano, hewa ni kavu zaidi na mafuriko au moto wa Dar hautaifikia.

Skani kila kitu, ila kuskani sio ruhusa ya kuweka mtandaoni. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 inaendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo karibu vitabu vyote vya watoto vya Kiswahili bado vina mwenyewe. Faili zitunzwe, zisomwe ndani ya maktaba, na anayekubali kazi yake iwe wazi kwa wote asaini karatasi. Hadithi za African Storybook, ile tovuti ya hadithi za watoto wa Afrika, zina leseni huria tayari, hizo pakua kwa amani.

Neno taifa linadai mtoto wa Kibondo na Tandahimba apate kitu. Hatakuja Dar. Tokyo wanakopesha shule seti za vitabu zilizochaguliwa kwa mada, na Kenya mwaka 1996 walianza kupeleka vitabu kwa ngamia kule Garissa. Kwetu maktaba za mikoa zipo, boksi la vitabu likae shule moja muhula mmoja alafu lihamie nyingine, na mwalimu aandike ni vipi vimechakaa zaidi, hiyo ndo kura ya watoto. Bora boksi 50 zinazozunguka kuliko ukumbi mmoja wenye marumaru.

Watu wa kazi wapo, chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo, waombeni waweke somo la fasihi ya watoto na utunzaji wa karatasi. Mishahara iwe kwenye bajeti ya serikali tangu mwaka wa kwanza, wafadhili wapewe vitu vyenye mwisho kama skana na maboksi. Na andikeni sera ya zawadi mapema, hasa kuhusu makontena ya vitabu vilivyotumika kutoka nje. Mnaruhusiwa kukataa. Kontena la vitabu vya Kiingereza ambavyo hakuna mtoto aliyeviomba linajaza rafu, linakula muda wa wakutubi, na linampa waziri sababu ya kutonunua vya hapa.

Mwaka ukiisha kamati itoe namba tatu: vitabu vilivyoingia kwenye orodha, vilivyopo stoo, na vile tunavyojua vilichapwa ila hatujavipata. Hiyo orodha ya tatu itangazwe redioni, magazetini na kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu, pamoja na namba ya simu ya mkutubi anayepokea, na aliye nacho Songea au Bukoba akikituma kwa basi, nauli ya kifurushi ilipwe na maktaba.