Mrija wa kuliwa: shida ni kukausha

Wenye wazo la kutengeneza mirija ya kunywea inayoliwa hapa Mwanza, malighafi isiwape presha. Mchele wa Magu na muhogo wa Sengerema vipo. Changanya unga wa mchele na wanga wa muhogo, kanda kwa maji ya moto, kisha viringisha kwenye kijiti cha chuma kilichopakwa mafuta.

Kazi ipo kwenye kukausha. Hewa ya ziwani ina unyevu, hasa usiku, na mrija ulioanikwa nje ukilala huko, asubuhi unapinda. Ukikaa kwenye pakiti unaota ukungu. Tafuta kikaushio cha jua chenye nailoni juu, na jua likizama funga kila kitu kwenye ndoo yenye mfuniko. Uliokauka vizuri ukiuvunja unalia "ka!" Ukipinda kwanza, rudisha juani.

Jaribu kwenye juisi baridi ya ukwaju, siyo chai. Moto unaulainisha haraka. Wauzaji wa juisi ndio wateja wa kuanza nao, hoteli baadaye (zinalipa kwa kuchelewa). Na kwa kuwa ni chakula, pitia SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) wakuelekeze kuhusu TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kabla hujachapisha lebo.