Somo: Kutumia ramani ya vinasaba kupata soya inayohimili kutu

Kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani, ilibainika Uganda mwaka 1996, na mbegu zilizotegemewa wakati huo, kama vile Nam 2, zilipukutisha majani kabla maganda hayajajaa. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Maksoy 1N, mbegu inayohimili kutu, mwaka 2004 na kuifuatishia nyingine, lakini kwa kuwa vimelea vya kutu hubadilika, kazi ya kutafuta ukinzani mpya haina budi kuendelea. Somo hili linaeleza jinsi ramani ya vinasaba, yaani mpangilio wa mahali jeni zilipo kwenye kromosomu, inavyotumika katika kazi hiyo.

Hatua ya 1: Wazazi. Chagua mzazi mmoja ambaye wakulima wanampenda ingawa anashambuliwa, na mwingine mwenye ukinzani hata kama mavuno yake ni haba. Jeni za ukinzani zinazoandikwa Rpp1 hadi Rpp7 zimekwisha kupatiwa mahali katika kromosomu za soya, ambazo ni jozi 20. Rpp1, kwa mfano, ipo kwenye kromosomu ya 18 na Rpp3 kwenye ya 6. Ikiwezekana, mama awe mwenye maua meupe na baba awe mwenye maua ya zambarau, kwa sababu zambarau hutawala, na mche wa maua ya zambarau huwa na shina la zambarau pia: mche wenye shina la kijani katika uzao wa kwanza utakuwa umetokana na ua lililojichavusha, nawe utaung'oa mapema.

Hatua ya 2: Kuchanganya. Ua la soya ni dogo na hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hiyo shika chipukizi la ua ambalo petali zake ndizo kwanza zinachungulia, livue petali na stameni (sehemu za kiume zenye chavua) kwa kibano chembamba, kisha pakaza chavua kutoka kwenye ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo. Mengi yataanguka, usikate tamaa.

Hatua ya 3: Vizazi. Acha uzao wa kwanza ujichavushe, kisha kutoka kwa kila mmea wa uzao wa pili chukua mbegu moja tu, uipande, na urudie hivyo hadi uzao wa sita. Hali ya kuwa na nakala mbili za jeni zisizofanana hupungua kwa nusu kila kizazi, hivyo katika uzao wa sita hubaki takribani asilimia 3. Kwa misimu yetu miwili ya mvua, safari hiyo ni ya miaka mitatu hivi. Utabaki na koo mia moja na zaidi, kila ukoo ukiwa na mchanganyiko wake wa wazazi wawili.

Hatua ya 4: Kupima ugonjwa shambani. Hapa ndipo ramani nyingi huharibikia, nami nitakaa hapa kidogo. Panda kila ukoo mara tatu, katika vitalu vilivyopangwa kwa bahati nasibu, na kati yake weka mistari ya mbegu inayoshambuliwa ili ieneze kutu kwa usawa. Bila hivyo, ukoo uliokwepa ugonjwa utauhesabu kuwa mkinzani. Anza kukagua majani ya chini, kwa kuwa kutu huanzia huko na kupanda juu, na fanya ukaguzi wa mwisho mbegu zinapokuwa zimejaa ganda. Usiandike tu "mgonjwa" au "mzima". Andika rangi ya madoa: ya kahawia nyekundu yenye vumbi kidogo la mbegu za kuvu huashiria ukinzani, na yale ya kahawia hafifu yenye vumbi jingi huashiria udhaifu. Mtu mmoja akague kitalu kizima, maana macho ya watu wawili hayalingani. Lebo ziandikwe kwa penseli: msimu mmoja niliandika kwa kalamu ya wino, mvua ikafuta, na koo 40 zikapotea kwa uzembe wangu.

Hatua ya 5: Alama na hesabu. Maabara huchukua majani machanga, hutoa DNA na kusoma alama (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya wazazi) mamia au maelfu katika kila ukoo. Alama mbili zinazorithiwa pamoja karibu kila mara zipo karibu. Zikitenganishwa mara 1 katika kila chembe 100 za uzazi, umbali wake huitwa sentimoga 1. Kisha programu ya kompyuta hutafuta ni alama zipi zinazofuatana na vipimo vyako vya ugonjwa vya Hatua ya 4. Nguvu ya uhusiano huo hupimwa kwa kipimo cha LOD: kikifika 3, maana yake uwezekano wa kupata matokeo kama yako ikiwa uhusiano upo ni mara 1,000 ya uwezekano wa kuyapata ikiwa haupo.

Hatua ya 6: Kuchagua. Tumia alama mbili, moja kila upande wa jeni. Alama moja iliyo umbali wa sentimoga 5 itakudanganya takribani mara 5 katika 100; mbili za umbali huo, zikiwa kila upande, zitakudanganya takribani mara 1 katika 400.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Lira: Ndugu mwalimu, sina maabara. Je, nafasi yangu ni ipi?*

Hatua nne za kwanza ni zako, na ndizo nzito. Majani machanga yakaushwe ndani ya bahasha kwa punje za silika zinazofyonza unyevu, kisha yatumwe maabara; DNA yake itadumu.

*Mwanafunzi, Masindi: Je, hii si mbegu iliyobadilishwa jeni?*

Hapana. Wazazi wote ni soya, na uchanganyaji ni ule wa kibano. Alama husaidia kuchagua tu.

*Mwanachama wa Kasese: Kwa nini tusianze na mavuno?*

Mavuno huongozwa na jeni nyingi, kila moja ikiwa na mchango mdogo unaobadilika kwa udongo na mvua. Utahitaji koo nyingi zaidi na majaribio katika maeneo kadhaa, tuseme Namulonge, Lira na kwenu Kasese, kwa misimu kadhaa.

*Mwanachama wa Mbale: Alama iliyofaa katika mchanganyiko mmoja imekataa katika mwingine. Kosa liko wapi?*

Huenda hakuna kosa. Alama ni jirani wa jeni, si jeni yenyewe. Wazazi wako wapya wakiwa na alama ileile wote wawili, haiwezi kukutofautishia kitu. Wapime wazazi kwanza, kabla ya kulipia uzao wote.