Kabla ya kuwasha maiki: ninavyochagua ala za kurekodi Ugogoni

Daftari langu la mwaka huu lina ala tisa, na fedha nilizonazo zinatosha tatu. Kazi ya kutengeneza maktaba ya sampuli, yaani mkusanyiko wa milio ya ala inayoweza kupigwa kwa kinanda, inaanzia hapo kwenye kupunguza orodha, na ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanachagua kwa macho. Ala ikiwa na umbo la ajabu na picha yake inapendeza, inapita. Mimi nina studio ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Nilianza kwa kurekodi kwaya, na miaka ya karibuni nimekuwa nikikusanya sauti za ala za Wagogo, mlio mmoja mmoja, ili mpiga kinanda aliyeko Mwanza au Mombasa aweze kuzipiga kwa vidole vyake mwenyewe. Ukitaka kufanya kazi hii, hivi ndivyo ninavyochagua.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ala, kulia andika watu: nani anaipiga, ana umri gani, anakaa wapi, nani anajifunza kwake, na nani anaitengeneza. Ukimaliza, funika upande wa kushoto kwa kiganja na uchague kwa kusoma upande wa kulia peke yake. Katika ala zangu tisa, nne zilikuwa na jina moja tu la mpigaji ninayeweza kumfikia, na wawili kati yao hawana mwanafunzi. Hizo nne zilipanda juu. Zeze linaloning'inia ukutani kwa mtu ambaye hakulirithi pamoja na mkono wa kulipiga, mimi silirekodi. Nitapata mlio wa kibuyu na uzi, ila ule uzito wa upinde anaoujua mwenye zeze sitaupata.

Kisha nenda ukasalimie, bila maiki. Mimi hubeba sukari na majani ya chai, nikifika nasema "Mbukwenyi", ninakaa, na mazungumzo yanaanza na mvua na uwele kabla hayajafika kwenye muziki. Safari ya pili, nikiruhusiwa, narekodi nusu dakika kwa simu. Hiyo nusu dakika nawapelekea wapiga vinanda watatu ninaofanya nao kazi na kuwauliza: mnaweza kuutoa mlio huu kwenye kinanda mlicho nacho? Kayamba ilianguka siku hiyohiyo, maana wa kwanza alinijibu kwa sauti inayofanana nayo kabisa. Njuga nazo zilianguka kama ala ya peke yake, ingawa nitazirekodi miguuni mwa wachezaji. Ilimba, lile sanduku lenye vibao vya chuma vinavyopigwa kwa dole gumba, wote watatu walishindwa.

Hapo kwenye ilimba nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuchagua. Mara ya kwanza niliiharibu. Babu mmoja wa Mvumi alikubali kunipigia, nikamleta studio, nikafunga madirisha, nikatundika magodoro ukutani. Kwenye kila mlio nikasikia mkwaruzo, kama spika iliyopasuka. Nikadhani ni kasoro. Usiku nikausafisha kwa programu, kisha nikavuta kila kibao cha chuma kikae sawasawa na noti za piano. Kesho yake nikamvalisha hedifoni asikilize. Akasikiliza hadi mwisho, akazivua taratibu, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii umeichukua kwa nani?"

Mkwaruzo ule hutengenezwa kwa makusudi. Kwenye matundu ya sanduku la ilimba hubandikwa utando wa buibui, ule mwembamba kama karatasi anaofunikia mayai yake, na sauti ikipita utando unatetemeka. Halafu kuna vibao ambavyo mpigaji havigusi kabisa, vinaitikia vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Na mpangilio wa sauti zake unafuata zile sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja kubwa, ambazo mwimbaji mzuri wa Kigogo anazisikia bila kufundishwa na mtu. Ukipima, sauti ya tano katika mfululizo huo iko senti 14 chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo (senti mia ni nusu toni, yaani nafasi kutoka noti moja ya piano hadi inayoifuata), na ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi moja ya nusu toni. Kuivuta ilingane na piano ni kumfanya mzee azungumze kwa lafudhi ya mtu mwingine. Nilifuta kazi yote, nikaomba radhi, nikaanza upya nyumbani kwake.

Tangu hapo, kwa kila ala nauliza: je, ninaweza kuigawa vipande nayo ikabaki yenyewe? Ilimba inagawanyika, ukiacha utando wake na ukiacha vibao vyote vikiwa huru. Usizibe vingine kwa kitambaa ili upate mlio "safi". Pima kila kibao, andika senti zake kwenye daftari, na kwenye maktaba iweke ilivyo. Anayetaka kuitumia atatuni gitaa lake liifuate.

Zeze ni jambo jingine. Upinde haupigi noti, unavuta sentensi. Niliwahi kukata zeze noti moja moja, na nilipozipanga kwenye kinanda zilitoka kama mtu anayesoma herufi badala ya maneno. Kwa hiyo zeze ninalichagua tu nikiwa na siku za kutosha za kurekodi mivuto mirefu: kupanda, kushuka, kugusa uzi kidogo, kunyamaza na kurudi. Kama una siku mbili tu, liache kwa mwaka mwingine. Najua inauma, lakini zeze lililorekodiwa haraka litawafanya watu wadhani wanalijua.

Muheme, ngoma za akina mama zinazobanwa mapajani, ninazitaka kila mwaka. Zichague kama familia, usichukue moja. Ngozi ya moja ikipigwa, za jirani zinaitika, na akina mama wenyewe wanategeana masikio. Zirekodi zikiwa pamoja kwanza, kisha kila ngoma peke yake huku nyingine zikiwa palepale. Ngozi hupashwa moto kabla ya kupigwa, na inapopoa sauti inashuka, kwa hiyo andika saa ya kila kipande. Zaidi ya hapo, waulize mama zako hao ni midundo ipi inaruhusiwa kutoka nje. Ipo ya mambo ya unyago ambayo si ya kuwekwa kwenye kinanda cha mtu. Wakisema hii hapana, usibembeleze.

Watengenezaji wa maktaba za okestra huko Ulaya wana swali hilihili la ala ipi irekodiwe. Kuna ala inaitwa heckelphone, ala ya kupuliza, ndugu wa oboe mwenye sauti nzito, iliyotoka karakana ya Heckel huko Ujerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata mtunzi Richard Strauss akaitumia kwenye opera ya Salome. Ni chache. Lakini uchache peke yake hautoshi kumfanya mtu agharimie ukumbi na mafundi. Lazima pawe na muziki unaoihitaji, na pawe na mtu aliyeishi nayo. Mizani hiyo hiyo niliitumia kwa kinanda cha kukanyaga cha kanisa nilikojifunzia muziki. Nakipenda sana kinanda kile. Viriba vyake vimepasuka, noti kadhaa hazilii, na kila nikiingia pale naenda kukigusa. Ila vinanda vya aina yake vimerekodiwa sehemu nyingi duniani, na ilimba ya babu wa Mvumi haijarekodiwa na mtu mwingine popote. Nimekiweka namba tano.

Wengine huniambia muziki wa Kigogo umeshahifadhiwa. Ni kweli kwamba Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita huku na mashine zake mwaka 1950, na Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliifikisha ilimba mbali duniani kabla hajafariki mwaka 2003. Zisikilize rekodi hizo kwanza, zitakusaidia kujua mlio mzuri ulivyo. Lakini ni nyimbo nzima. Kijana anayetunga hawezi kuzifungua akachukua kibao kimoja kilichopigwa polepole, na hana haki ya kukata sauti ya marehemu akaiweka kwenye biti yake.

Sasa piga hesabu, maana nayo huchagua. Ilimba yenye vibao 24 vya kupigwa, kila kimoja kwa nguvu tatu, na kila nguvu mara nne ili kinanda kisirudie mlio uleule, ni mapigo 288. Kila pigo likiachwa life lenyewe kwa sekunde 8, una dakika 38 za sauti tupu. Kwa kweli ni asubuhi tatu, kwa sababu dole gumba linachoka na mzee hapaswi kukimbizwa. Ukirekodi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, stereo, saa moja inakula gigabaiti moja na kidogo, kwa hiyo kadi si tatizo. Tatizo ni majira. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua iko juu ya bati na watu wako shambani. Agosti upepo wa Dodoma unaingia ndani ya kila maiki. Mimi hutumia mwisho wa Mei na Juni, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, baada ya majogoo kutulia na kabla pikipiki hazijaanza. Ala ambayo mpigaji wake hapatikani katika wiki hizo inasubiri.

Malipo yazungumzwe kabla hujachagua, kwa sababu ala usiyoweza kumlipa mwenyewe hujaipata bado. Mkataba wangu una kurasa mbili za Kiswahili, nausoma kwa sauti mbele ya mpigaji na mtoto wake au jirani. Una malipo ya siku mkononi, fungu la mauzo kila mwaka, na jina lake kwenye ala. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini mzee hapaswi kwenda kuitafuta sheria ndipo apate haki yake kwangu.

Mwaka huu basi ni ilimba, muheme za akina mama watatu wa Chamwino, na zeze moja la nyuzi mbili ambalo nimelitengea siku sita. Babu wa Mvumi ameniambia utando wa ilimba yake umechanika, na buibui mzuri hupatikana ghalani kwake, nyuma ya vihenge. Jumamosi tunakwenda kuutafuta pamoja.