Django: oda ikiingia meseji iende yenyewe

Tuseme una duka la mtandaoni umelijenga na Django (fremuweki ya Python ya kujengea tovuti) na unataka oda ikiingia tu mteja apate meseji bila mtu kubonyeza chochote. Wengi wanachomeka kodi ya meseji ndani ya viu (fanksheni inayojibu rikwesti ya ukurasa), inapiga kazi freshi mpaka siku mhudumu anaanza kuingiza oda kupitia admini au apu ya simu inapitia API, hapo oda zinaingia kimya kimya na mteja hapati kitu. Dawa yake ni signali: Django inatoa taarifa kila modeli inaposeviwa, we unaweka fanksheni ya kusikiliza.

Ndani ya apu yako (tuiite duka) fungua faili signals.py (tuma_meseji ni kazi ya Celery uliyoiandika kwenye tasks.py, ndiyo inayotuma meseji; Celery ni programu ya kukimbiza kazi pembeni):

```
from django.db import transaction
from django.db.models.signals import post_save
from django.dispatch import receiver
from .models import Oda
from .tasks import tuma_meseji

@receiver(post_save, sender=Oda)
def oda_mpya(sender, instance, created, raw, **kwargs):
    if raw or not created:
        return
    pk = instance.pk
    transaction.on_commit(lambda: tuma_meseji.delay(pk))
```

Hilo faili Django hailisomi yenyewe, na hapa ndo watu wanapoteza usiku mzima, kodi iko sawa kabisa ila hakuna kinachotokea. Nenda apps.py, ndani ya DukaConfig ongeza:

```
    def ready(self):
        from . import signals
```

Ile created inakuwa True pale rekodi inapozaliwa tu, usipoiangalia mteja atapigwa meseji kila mtu akigusa oda yake hata kama ni kurekebisha namba ya simu. raw ni ya loaddata (amri ya Django ya kupakia data kutoka faili), maana ukipakia data za zamani hutaki wateja wa mwaka juzi waanze kuambiwa oda imepokelewa.

on_commit, inayosubiri tranzaksheni (kundi la mabadiliko ya databesi yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) ikamilike ndo ikimbize kodi, ndo watu wanairuka sana. Kama umewasha ATOMIC_REQUESTS (kila rikwesti inakuwa tranzaksheni moja), signali inapiga tranzaksheni ikiwa bado haijafungwa, sasa ukituma meseji hapo hapo halafu mbele kidogo kodi ya malipo ikagoma, databesi inarudi ilipokuwa na oda inapotea ila meseji ishafika kwa mteja na huna namna ya kuivuta. Na ukitumia Celery, kama hapo juu, woka (programu inayofanya kazi za Celery) anaweza kuwahi kuitafuta oda kabla haijaandikwa, unaanza kuona DoesNotExist leo ipo kesho haipo, eror za hivyo zinachosha balaa.

Halafu kuna watu wanadhani signali inakimbia pembeni yenyewe. Hapana, iko ndani ya rikwesti ile ile, gateway ya SMS ikizubaa na mteja anazubaa nayo, ndo maana nimeweka delay, inayoikabidhi Celery kazi ifanyike pembeni.

Usiite instance.save() ndani ya post_save, itajiita tena, na bila kizuizi kama ile created itarudia mpaka Python iseme basi. Ukitaka kubadili kitu tumia Oda.objects.filter(pk=pk).update(...), hiyo haitoi signali. Ila jua hilo hilo linakugeukia kwingine: ukiingiza oda za Excel kwa bulk_create (kuingiza rekodi nyingi kwa mkupuo) hakuna meseji hata moja itakayoenda, itabidi uziite mwenyewe. delete() ya kundi zima iko tofauti, yenyewe inatoa post_delete kwa kila rekodi.

Kwa maoni yangu lakini, kama oda zako zote zinapita kwenye fanksheni moja uliyoiandika mwenyewe, achana na signali, ita tuma_meseji pale pale ndani ya on_commit, atakayekuja kusoma kodi ataiona. Signali ni tamu pale modeli siyo yako, kama User ya Django, au pale milango ya kuingilia ni mingi.

Kwenye testi, TestCase inafunga kila kitu ndani ya tranzaksheni isiyokamilika, kwa hiyo on_commit haitakimbia na utadhani umekosea. Zungushia na self.captureOnCommitCallbacks(execute=True), ipo tangu Django 3.2.