Madeni ya kubeti ukiwa Kampala: utangazwe muflisi au ulipe mdogo mdogo?

Kampuni ya kubeti haikudai hata shilingi. Pale dirishani unalipa kwanza ndipo unapewa mkeka, na mkeka ukichanika habari imeishia hapo. Wanaokudai ni wengine: mkopo wa simu, kikoba, tajiri wako, shemeji, na yule wa kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa aliyeifungia pasipoti yako kwenye droo. Kwa hiyo kabla hujauliza habari za mahakama, andika majina.

Jamaa yangu mmoja, mtu wa Tanga anayeuza viatu vya mtumba huku Kisenyi, tulikaa naye kwa mama chai tukaandika nyuma ya mikeka yake mwenyewe. Karatasi hazikuwa shida. Simu milioni 1.2, kausha damu milioni 3, kikoba milioni 2, tajiri milioni 2.5, shemeji laki 7. Jumla milioni 9.4 za Uganda. Alikuwa amesikia kwamba ukijitangaza muflisi madeni yote yanafutwa, akataka nimtafutie wakili kesho yake asubuhi.

Njia hiyo ipo kweli. Uganda ina Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011, iliyorekebishwa 2022, na haichagui chanzo cha deni liwe duka lililokufa au mpira. Unaweza kuiomba mahakama mwenyewe, au anayekudai akaomba. Shauri lisilozidi milioni 50 husikilizwa na hakimu mkuu. Likizidi hapo ni Mahakama Kuu. Unaorodhesha kila ulicho nacho na kila anayekudai. Ukishatangazwa, mali yako inahamia mikononi mwa mfilisi aiuze na kuwagawia wadai. Unaachiwa vifaa vya kazi, nguo, matandiko. Jina lako linatoka gazetini, na ubunge huruhusiwi kugombea, jambo ambalo sisi wageni halitunyimi usingizi.

Unachopata ni kwamba wadai wanaacha kukuandama mmoja mmoja. Usiidharau nafuu hiyo. Hapa Uganda aliyekushinda kesi ya deni bado anaweza kuomba ufungwe kama mfungwa wa madai, hadi miezi 6, huku yeye mwenyewe akilipia chakula chako gerezani. Wapo wanaokubali kulipia.

Ila tazama ile orodha tena. Jamaa hana kiwanja wala gari. Ana viatu vya mtumba, ambavyo ndiyo kazi yake. Mfilisi angegawa nini? Ada ya wakili peke yake ingekuwa deni la sita. Na kikoba hakisomi Gazeti la Serikali: ungeshinda mahakamani, Jumapili ukikutana na wenzako msikitini au kanisani ungekuta bado unadaiwa.

Kuna jingine alilolificha mpaka chai ya pili. Katika ile milioni 2.5 ya tajiri, laki 9 haikuwa mkopo. Ilikuwa pesa ya mauzo ambayo haikufika. Hiyo haiitwi deni, inaitwa wizi, na hakuna hukumu ya ufilisi inayozuia polisi. Vivyo hivyo ukiandika hundi huku ukijua akaunti ni tupu. Madeni ya namna hii yanakwenda juu kabisa ya orodha, hata kama mwenye pesa ni mpole kuliko wote. Alikwenda kwa tajiri siku ileile, akasema ukweli, wakaandikiana awe anakatwa kila wiki.

Sasa kausha damu. Hapa ndipo wageni tunapoumizwa, kwa kuwa hatujui sheria ya nchi ya watu. Wakopeshaji binafsi wanasimamiwa na UMRA, mamlaka ya serikali ya mikopo midogo, kwa sheria ya mwaka 2016, na leseni yao ni ya mwaka mmoja. Sheria hiyo na kanuni zake zinawakataza kushika pasipoti, kitambulisho cha taifa au kadi ya ATM kama dhamana. Na tangu mwishoni mwa 2024 riba yao ina ukomo wa asilimia 2.8 kwa mwezi. Jamaa alikuwa akitozwa asilimia 20. Piga hesabu: kwa milioni 3, halali ni 84,000 kwa mwezi, yeye alikuwa akitoa 600,000, na ile milioni 3 imekaa palepale haijaguswa.

Tulikwenda watu wawili, mchana, bila kelele. Tuliomba kuona leseni ya mwaka huu na nakala ya mkataba. Mzee yule alituangalia, akaangalia mlango, akaanza kutuita ndugu zangu. Pasipoti ilitoka siku hiyo. Deni halikufutwa, wala hatukuomba lifutwe, ila riba ilishuka na yote aliyokwisha kulipa yakahesabiwa. Soma mkataba vizuri lakini: wapo wanaokuandikisha kwamba umewauzia gari au kiwanja, neno mkopo halionekani popote. Ukiwa umetia saini karatasi kama hiyo, hapo sasa tafuta wakili kweli.

Na mwenye mali je? Tuseme una nyumba, gari, mikopo miwili ya benki, madai yanapita milioni 60 na dalali wa mahakama ameanza kupiga simu. Wewe usikimbilie ufilisi moja kwa moja. Ile Sheria ya Ufilisi inakuruhusu pia kuomba amri ya ulinzi ya muda, ya siku 14 na inaweza kuongezwa, wadai wakae mbali wakati unawapelekea mpango wa malipo. Wakiukubali, anawekwa msimamizi wa kuufuatilia na jina la muflisi linakupita. Ukikataliwa, ufilisi bado upo. Fomu na maelekezo ya awali unayapata kwa Mfilisi wa Serikali, ofisi iliyo chini ya URSB, wakala wa usajili wa biashara.

Wengi wetu hatufiki huko. Mdai mdogo atakupeleka kwa LC1, yaani baraza la mtaa, ambako deni lisilozidi milioni 2 husikilizwa, au kwenye utaratibu wa madai madogo wa mahakama, mwisho milioni 10 na mawakili hawaruhusiwi. Ukiitwa, nenda. Usipokwenda hukumu inatolewa bila wewe. Ukifika, omba kulipa kwa awamu, na utaje kiasi unachokiweza mwezi mbaya, siyo mwezi mzuri. Kiburi cha kuahidi laki 5 ndicho kinachowarudisha watu mahakamani, maana awamu moja ikiruka dalali anaruhusiwa kuja.

Kurudi nyumbani usiku kwa basi la Mutukula au Busia nako hakuoshi kitu. Kenya, kwa mfano, sheria yake inatambua hukumu za mahakama za Uganda, zinasajiliwa na kutekelezwa kule. Na mdhamini wako amebaki Kampala.

Ndugu wakichanga, pesa isipite mkononi mwako. Itoke kwa anayechanga iende kwa anayedai, ujumbe wa simu uhifadhiwe. Sisemi hivyo kukudhalilisha. Mwenye madeni ya kubeti akishika laki 3 Jumamosi mchana, na ligi ya Uingereza inachezwa, anaona njia ya kulipa yote kwa siku moja. Ikikupata hamu hiyo hata baada ya kuanza kulipa, hospitali ya akili ya Butabika inapokea watu wenye uraibu, huhitaji kuwa umechanganyikiwa ndipo uende.

Tulibaki na shemeji. Jamaa alimpelekea karatasi ya awamu kama wengine, yeye akaikataa. Alisema atalipwa mwisho, hana haraka, ila ile simu ya kubetia iachwe kwake. Mpaka leo ipo kabatini, chini ya sahani za wageni.