Gundi gani ya kubandikia bitana ya mkoba?

Juzi nimemsaidia dada mmoja anayeanza kushona mikoba ya ngozi hapa Kariokor, Nairobi. Alikuwa na kopo moja tu la gundi ya viatu na alitaka litoshe kila kazi. Halitoshi.

Hatua ya 1. Kata bitana, pinda kingo, piga pasi.

Hatua ya 2. Tazama unachobandika. Kwa ngozi na kitenge, mimi hutumia gundi ya maji ya mpira, ile nyeupe yenye harufu ya amonia. Ikikauka hubaki laini na haikuumizi kichwa. Gundi ya mbao iache kwa maseremala: hukauka ikawa ngumu, na mkoba ukikunjwa inapasuka. Supagluu vilevile. Kama mkoba ni wa reksini, yaani ngozi bandia ya plastiki, gundi ya njano ya viatu itashika leo, kisha vilainishi vilivyo ndani ya plastiki vitaipenya na kuilegeza. Hapo omba gundi ya poliyurethani.

Hatua ya 3. Jaribu kwenye vipande vya kazi hiyohiyo. Tafadhali usiiruke hatua hii, hata mteja akiwa mlangoni. Paka kidogo, bandika, acha hadi kesho yake, kisha geuza kitambaa uangalie upande wa mbele. Satini na pamba nyepesi hupitisha gundi ya njano, na doa lile halitoki kwa kufua. Likitokea, punguza gundi au weka kitambaa kizito zaidi. Halafu vuta. Gundi ikibanduka yote kutoka kwenye ngozi, ngozi ina nta au rangi ya juu: ikwaruze kwa msasa pale tu gundi itakapokaa, ufute vumbi, ujaribu tena. Ngozi za mafuta ndizo sumbufu zaidi. Nyingine hukataa kabisa, basi hizo shona tu.

Hatua ya 4. Fungua dirisha. Paka pande zote mbili, kwenye kingo pekee. Ukipaka bitana nzima, mkoba ukikunjwa itajikunyata. Gundi ya njano isubiri mpaka ukiigusa inanata bila kuhamia kidoleni. Julai, kwa baridi yetu, huchelewa. Ile nyeupe isubiri weupe uishe.

Hatua ya 5. Bandika kuanzia katikati, gonga kwa nyundo, kisha shona. Sindano ikianza kunata, gundi bado mbichi. Iache mpaka kesho.