Mbeya hadi Lusaka kwa ndege: piga hesabu kabla hujakata tiketi

Nina duka la vitenge Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mdogo wangu ameolewa Lusaka. Majirani wakitaka kwenda huko huja kwangu kuuliza safari inachukua muda gani, nami huwaambia wachukue kalamu.

Anza na umbali. Kwenye ramani ya simu, pima kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Lusaka: kama kilomita 880. Lakini namba hiyo usiitegemee, kwa sababu safari zangu zote za ndege zimepitia Dar es Salaam. Lusaka iko kusini-magharibi yetu, nawe unapelekwa mashariki kwanza. Songwe–Dar ni karibu kilomita 690, Dar–Lusaka karibu 1,500. Jumla 2,190, mara mbili na nusu ya ule mstari ulionyooka.

Muda wa angani ni rahisi. Gawanya kilomita kwa 800 ikiwa ni jeti, kwa 600 ikiwa ni ndege ya pangaboi, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dar–Lusaka utapata saa mbili na dakika ishirini hivi.

Wengi hukwama kwenye kusoma tiketi. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tuseme unaondoka Dar 10:00 na kufika Lusaka 11:25. Ukitoa hivi hivi utaona dakika 85. Ongeza saa moja: ni saa mbili na dakika 25. Wakati wa kurudi, punguza saa moja. Halafu geuza kwa saa zetu, maana 10:00 ni saa nne asubuhi. Mjomba wangu aliona 06:20 akadhani ni saa sita mchana. Alifika uwanjani ndege imeshaondoka, na nauli haikurudi. Iliniuma sana, kwa hiyo sasa kila tiketi naiandika upya kwa Kiswahili kwenye karatasi.

Usisahau safari ya ardhini. Kutoka mjini hadi Songwe ni zaidi ya kilomita 20, kwa barabara ya Tunduma yenye malori. Lori moja likiharibika mteremko wa Iwambi, foleni inasimama. Dar acha nafasi ya saa tatu au nne, hasa asubuhi za baridi ambapo ukungu unaweza kuchelewesha ndege huku kwetu. Ukiweza, safari yote iwe kwenye tiketi moja, ili ukichelewa wakutafutie ndege nyingine.

Safari yangu ya mwisho nilifunga mlango saa kumi na moja alfajiri, nikabisha hodi kwa mdogo wangu saa kumi jioni ya Lusaka, yaani kumi na moja ya Mbeya. Angani nilikaa chini ya saa nne. Safari nzima ilikuwa saa kumi na mbili. Nikiwa na mizigo napanda basi Nakonde, mpakani upande wa Zambia, kilomita kama 1,000 hadi Lusaka. Ile safari ya ndege nilienda kwa kuwa mdogo wangu alikuwa amejifungua.